Umeme wa mafriza Kibirizi: jenereta, sola, au tusubiri fyusheni?

Mwana_Kibirizi: Wakuu, kikundi chetu cha hapa Kibirizi, Kigoma, kimechanga hela ya umeme wa kugandishia samaki. Wengine wanataka jenereta, wengine sola. Kijana wetu mmoja anasema tusubiri, kuna mitambo ya fyusheni inayotoshea ndani ya kontena. Ipi ina unafuu?

MamaMigebuka: Mafriza mangapi? Bajeti je? Umeme wa gridi umewafikia?

Fundi_Mwanga: Ya kontena msiisubiri. Fyusheni ni kuunganisha viini vya atomu kama lifanyavyo jua, ila mitambo ya hapa duniani inataka joto la nyuzi milioni 150 hivi. Mwaka 2014 Lockheed Martin, kampuni ya ndege za kivita ya Marekani, walitangaza mtambo wa kubebwa na lori ndani ya miaka kumi. Kumi imeisha, lori hatujaliona. Kikwazo ni nyutroni, chembe zinazorushwa na moto huo: sumaku zinazoushika moto haziwezi kuzizuia, zinataka kinga nene kama mita moja pande zote, na nje ya kinga ndipo zikae sumaku zilizopozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Hata moto wenyewe ungekuwa kama debe, ukishauzungushia hayo yote unapata nyumba.

Ujiji_Kwetu: Msimvunje moyo kijana. Desemba 2022 maabara ya Livermore, Marekani, miali ya leza ilipeleka nishati ya megajuli 2.05 kwenye punje ya fueli, fyusheni ikatoa 3.15!

Fundi_Mwanga: Na kuziwasha leza hizo kulikula megajuli kama 300 za gridi. ITER, mtambo wa majaribio ya fyusheni unaojengwa Ufaransa, ni wa tani 23,000, inalenga joto la megawati 500, na haitazalisha umeme hata kidogo. Mradi wetu wa umeme wa maji wa Malagarasi umepangwa megawati 49.5 tu, lakini hizo ni za kuwasha taa.

MamaMigebuka: Mimi nililia na sola. Nilinunua betri nne, muuzaji akaapa zitadumu miaka mitano. Mwezi wa nane tangu nizinunue, natoka msibani Kasulu, nafungua friza: maji mekundu yamejaa chini, migebuka imelegea, macho yamezama. Mzigo wote nikaufukia. Fundi alipoinua betri akaguna, nyepesi kama ndoo tupu, kumbe feki. Pimeni betri kwenye mizani kabla ya kulipa.

Mha_Buhigwe: Kwa nini mgandishe? Dagaa kausheni kwenye vichanja.

MamaMigebuka: Kaka, mgebuka si dagaa. Na masika unaanika wapi?

Mha_Buhigwe: Si mnabanika kwa moshi?

MamaMigebuka: Kuni zenyewe bei gani siku hizi?

Mwana_Kibirizi: Mafriza ni matano. Bajeti anaijua mweka hazina, anarudi Ijumaa.

Fundi_Mwanga: Nyuma ya kila friza kuna kibati. Soma wati, ziandike hapa.