Yule mtafsiri wa muvi kanivurugia nyumba: The Princess Bride kaiua PALEPALE MLIMANI

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Saa sita kasoro robo usiku, mke wangu keshalala, mimi nimekaa sebuleni natazama televisheni iliyozimwa. Jina simtaji, hakuna haja. Yule mtafsiri wenu mwenye sauti ya konda wa Mbagala, anayeanza kucheka kabla utani wake haujaisha, ambaye hakuna muvi anayoimaliza bila kumwita mtu "shemeji". Mmeshamjua.

Leo kaigusa The Princess Bride.

Kwa asiyeijua: muvi ya mwaka 1987, mwongozaji Rob Reiner, imetoka kwenye riwaya ya William Goldman ya mwaka 1973, na Goldman huyohuyo ndiye aliyeiandikia muvi maneno yake. Aliyezaa ndiye aliyenyonyesha. Mimi nimeitazama mara kumi na moja. Mke wangu hajawahi, kwa sababu Kiingereza chao kinampita na maandishi ya chini yanakimbia kuliko macho yake. Juzi kijana wa duka la muvi akaniambia, "Kaka, ipo iliyotafsiriwa." Nilichomoa flashi mfukoni kama mtu aliyeitwa kupokea mirathi!

Siku zote hizo namwambia: mama Nasra, subiri mlimani. Kuna nini mlimani? Wewe subiri tu.

Sasa sikilizeni. Westley ni kijana wa shamba, kazi yake kutumwa na binti Buttercup. Ng'arisha tandiko la farasi. Jaza ndoo. Na kila akitumwa jibu ni moja, maneno matatu yaleyale, "As you wish". Hana jingine. Mpaka siku moja binti anang'amua kwamba yule kijana akisema vile anamaanisha nakupenda. Kuna pale anamwambia ampe mtungi uliotundikwa juu ya kichwa chake, ambao angenyoosha mkono tu angeufikia. Anamtuma makusudi ili asogee! Kijana anaushusha, wanatazamana, anayasema yale maneno kwa sauti ya chini. Fundo la muvi nzima limefungwa kwenye ule mtungi.

Mtafsiri wetu kasemaje? Kwenye tandiko: "Poa bosi." Kwenye ndoo: "Kazi yenyewe haina hata posho!" Kwenye mtungi HAKUTAFSIRI KABISA. Watu wanatazamana macho yanataka kudondoka, yeye anatusomea namba yake ya simu, anapokea oda za harusi na kipaimara. Nikajipa moyo. Mlimani atajirekebisha.

Wakuu, mlimani.

Westley kaenda ng'ambo kutafuta mali, habari zimerudi kwamba meli yake kaivamia haramia Roberts, yule asiyeacha mtu hai. Binti kakaa miaka mitano moyo umekufa, kaposwa na mwana wa mfalme asiyempenda, katekwa. Katokea mtu mwenye nguo nyeusi na uso uliofunikwa. Kapanda jabali kwa mikono, kamshinda bingwa wa upanga, kalilaza jitu, kamzidi akili yule kibushuti mwenye maneno mengi kwenye mchezo wa vikombe vya sumu. Wamebaki wawili juu ya mlima. Binti anaamini huyu ndiye haramia aliyemuulia mpenzi wake. Anamwambia na wewe kufa tu, kwangu sawa, anamsukuma. Jamaa anabiringika kwenye nyasi, na huku anabiringika anapaza sauti, anavuta neno moja moja: As… you… wish.

Binti kasimama kule juu. Unauona uso wa Robin Wright unavyobadilika. Miaka mitano inarudi kwa maneno matatu. Halafu naye anajitupa mlimani amfuate!

Mtafsiri: "MAMAAAA! FIGO ZANGUUU! SHEMEJI UMENIUA!"

Figo zangu.

Watu dunia nzima wamelengwa na machozi hapo tangu 1987, sisi tumeletewa figo! Mke wangu akacheka. Sikumlaumu, angefanyaje? Binti alipojitupa, akaniuliza, "Sasa huyu naye anajirusha ya nini?" Nikakosa jibu. Kwa muvi aliyoiona yeye, mwanamke kamsukuma mtu, mtu kalilia figo, mwanamke kajirusha. Hadithi ya vichaa wawili. Kisha akanigeukia taratibu: "Baba Nasra, ndiyo mlima wenyewe huu?"

Neno lilikuwepo. "Utakavyo." Silabi nne. Nimerudisha nyuma, nimezima sauti, nimelisema mwenyewe hapa sebuleni jamaa akiwa anabiringika. U… ta… ka… vyoooo. Linaanza kileleni, linatua bondeni, na pumzi inabaki. Lilikuwepo, wakuu, lilikuwa limekaa tu linamsubiri yeye.

Na msiniambie hajui. Inigo, yule Mhispania anayemsaka mtu mwenye vidole sita aliyemuulia baba, naye ana maneno yake anayoyarudia. Mtafsiri kayatoa yaleyale kila mara, kifua kimejaa: naitwa Inigo Montoya, ulimuua baba yangu, jiandae kufa. Hakubadilisha hata herufi! Kumbe anajua kwamba neno likirudiwa lina kazi yake. Kisasi kakitunza kama yai, mapenzi kayapeleka kwenye figo.

Na mwisho je? Muvi yote ni babu anamsomea kitabu mjukuu wake anayeumwa. Kinapoisha, mtoto, ambaye mwanzoni alikuwa hataki kusikia habari za kubusiana, anamwomba babu arudi kesho amsomee tena. Babu kofia iko kichwani, anaondoka, anageuka, anamjibu yale maneno matatu. Basi. Muvi imeisha hapo. Sasa mtu ambaye hakuyasikia mlimani atayasikiaje mlangoni? Mtafsiri alikuwa anasema, "Haya wadau, tukutane muvi ijayo," na mke wangu alishasimama anapeleka vikombe jikoni.

Silali leo. FIGO, wakuu. MLIMANI.

Kobe Mwendapole:
Nimewahi siti ya mbele. Anayepita na karanga aanzie kwangu.

Mama Wawili:
Pole baba Nasra, ila "shemeji umeniua" imenichekesha mpaka mtoto kaamka. Hiyo muvi inapatikana duka gani?

Mleta uzi:
Dada yangu, nimeandika yote haya ili uende ukainunue?

Mama Wawili:
Nataka hapo mlimani tu.

Fundi Antena:
Mkuu hilo povu linafua mashuka ya hospitali nzima. Muvi yenyewe ya flashi, elfu tatu, wewe unalia kama umeporwa kiwanja. Mfundishe mkeo Kiingereza yaishe.

Mjukuu wa Tanga:
Fundi, mke wa mtu mwache. Mtu kuitazama hadithi kwa lugha yake ni haki yake. Enzi za mtafsiri Lufufu na kanda za VHS tulikuwa tunajaa bandani hadi madirishani, na ulikuwa unatoka unaijua hadithi mwanzo mwisho.

Fundi Antena:
Hata Lufufu alikuwa anaongeza chumvi.

Mjukuu wa Tanga:
Chumvi kwenye mchuzi. Huyu wa sasa anamwaga mchuzi anakupa chumvi.

Bi Makunduchi:
Kaka, mie nipo nawe kwa machungu, lakini kwa hilo "utakavyo" sipo. Ni "upendavyo". Tazama vizuri hilo neno, penda imo ndani yake. Kijana anasema upendavyo, upendavyo, siku ya siku binti anasikia penda. Lugha yetu imekupa zawadi bure nawe unaiacha njiani!

Mleta uzi:
Bi mkubwa, hapo umenigusa. Ila hofu yangu ni kwamba penda itamfichua kijana mapema mno, kwenye tandiko tu mtu keshajua. "Utakavyo" inaficha. Na mlimani inavutika vizuri zaidi. Jaribu kuibiringisha.

Bi Makunduchi:
Nimejaribu. U-pe-nda-vyooo. Yabiringika vyema tu.

Shamba la Bibi:
Kijijini kwetu angejibu "haya mama" na binti angejua amependwa. Mnatumia maneno mengi.

Wa Eastlands:
Wasee wa Bongo poleni sana. Huku Nairobi huyo wetu (hata yeye hatumtaji) angempatia Westley jina la mtaa, aseme ametoka Kayole, na hapo kwa mlima angeitisha maandazi. Lakini angalau wenu ametafsiri kitu. Wetu hukohoa kwa maiki.

Nyota ya Jaha:
Afadhali nyie mna muvi ya saa moja na nusu. Mimi kuna tamthilia ya Kikorea, nimekesha nayo vipande kumi na viwili, cha kumi na tatu ndipo mwanamume anamwambia yule daktari ukweli wote. Hakipo! Mtafsiri karuka kutoka kumi na mbili kwenda kumi na nne, na cha kumi na nne kinaanza wako kwenye mazishi. MAZISHI YA NANI?

Mama Wawili:
Naijua hiyo! Ni ya mama yake daktari.

Nyota ya Jaha:
Alikufaje??

Mama Wawili:
Kipo kwenye cha kumi na tatu.

Mleta uzi:
Wakuu, tusitoke mlimani.

Msomi Mpole:
Mnabishana kuhusu tafsiri ya nakala ya nakala. Kitabu chenyewe asili yake ni cha S. Morgenstern wa nchi ya Florin, Goldman alikifupisha tu, akabakisha sehemu tamu. Tafuteni cha Morgenstern.

Bi Makunduchi:
Msomi, Morgenstern hayupo. Goldman kamtunga, na hiyo nchi ya Florin kaitunga pia. Humo kitabuni ajifanya yeye anafupisha tu kitabu cha mtu mwingine, babake alichomsomea alipokuwa mtoto mgonjwa. Ndiyo raha yake hiyo, watu hutafuta mpaka leo.

Msomi Mpole:
Nimewahi kuona jina lake kwenye jalada.

Bi Makunduchi:
Na haramia Roberts umeliona jina lake kwenye meli. Nenda kaulize kama ndiye.

Kobe Mwendapole:
Karanga, jamani.

Pweza wa Muscat:
Nawasalimu kutoka Muscat. Mimi nilikuja humu kwa sababu ya lile jitu tu. Yule ni André the Giant, mwanamieleka. Mnajua wakati wa kupiga ile muvi mgongo wake ulikuwa umetoka kufanyiwa upasuaji? Pale mwisho anapomdaka binti kutoka dirishani, binti alifungwa kamba, jitu lisingeweza kumbeba. Mtu mkubwa vile, na kumshika msichana ilikuwa shida. Hilo huniumiza kila nikiitazama.

Mleta uzi:
Hapo kwenye dirisha mtafsiri alisema "mzigo umefika stendi". Naapa.

Chuma cha Pua:
André! Mwaka huohuo wa 1987 mwanamieleka mwenzake Hulk Hogan alimnyanyua kwenye WrestleMania III akambwaga. Mgongo mbovu ulikuwa huo.

Pweza wa Muscat:
Alikubali anyanyuliwe. Bila yeye kukubali nani angemnyanyua?

Chuma cha Pua:
Unataka kusema mieleka ni maigizo?

Pweza wa Muscat:
Nasema André alikuwa muungwana.

Fundi Antena:
Mieleka ni maigizo. Hata yule mtafsiri anajua.

Chuma cha Pua:
Fundi, njoo nikunyanyue wewe tuone kama ni maigizo. Nilitazama ile mechi banda la Tandika nimekaa juu ya kreti la soda, banda zima lilisimama, mzee mmoja alivunja benchi kwa kuruka. Maigizo yanavunja benchi?

Mleta uzi:
Mama Nasra kaamka kunywa maji, kaniuliza kwa nini bado naandika. Nimemwambia nitamtafsiria mwenyewe kesho, mstari kwa mstari, nimshike mkono tukifika mlimani. Kasema kesho ana vikoba.

Nyota ya Jaha:
Samahani, hakuna hata mmoja mwenye kile kipande cha kumi na tatu?

Wa Eastlands:
Mimi niko nacho lakini ni cha huyo wetu, ako na kikohozi mpaka mwisho.

Nyota ya Jaha:
Nitumie tu.

Shamba la Bibi:
Chuma, ile mechi kwetu ilifika kwa kanda miaka mitatu baadaye na mwenye banda alikuwa ameambia watu Hogan alishindwa. Watu walikuwa wamewekeana dau la kuku.

Chuma cha Pua:
Kuku wangapi?