Chakacha kwenye FL Studio haikai, gridi inanikataa

bitizapwani: Wakuu salamu. Naombeni msaada, wiki ya pili hii nahangaika na biti ya chakacha, ile ngoma yetu ya Pwani, ya harusi ya binamu yangu, naitengeneza kwenye FL Studio, programu ya muziki ya kompyuta. Ngoma zenyewe, vumi na chapuo, nimerekodi mwenyewe kwa simu, mjomba ndo alipiga, sampuli ziko safi kabisa, shida inaanza nikizipanga kwenye zile stepi 16 za FL Studio, vile viboksi vya gridi. Vumi inakaa, ila chapuo kila nikiiweka inatoka kama bongofleva hivi, inaenda mbele tu haiyumbi. Swingi, ile ya kuchelewesha baadhi ya stepi, nimefungua mpaka mwisho, afadhali kidogo, lakini shangazi akisikia anasema mwanangu hapa kiuno hakigeuki. Tempo 110. Nakosea wapi?

fundimitambo: Kupiga hujakosea, umekosea kugawa. Chakacha ni sita nane, kila pigo kubwa linakatwa vipande vitatu, na hizo stepi 16 zinakata vinne. Angalia hesabu: FL kama hujaigusa pigo moja lina tiki 96, yani vipande vidogo vya muda. Ukigawa kwa nne milio inaangukia 0, 24, 48, 72. Ukigawa kwa tatu ni 0, 32, 64. Sasa swingi inasukuma stepi ya pili na ya nne tu, hata uisukume mpaka theluthi mbili utapata 0, 32, 48, 80, ile 64 haimo kabisa, shangazi yuko sahihi. Zima swingi, ingia piano rolo, lile dirisha la kupanga mlio mmoja mmoja, kwenye snapu (inayoamua mlio unase wapi) chagua theluthi ya biti, chapuo uipange upya humo.

stepi12: Mi huwa napita njia fupi. Patani, yani ile raundi ya biti, ifanye stepi 12 badala ya 16, halafu hesabu stepi tatu kuwa pigo moja. Tempo lazima uishushe, zidisha kwa tatu gawa kwa nne, kwa hiyo 110 yako inakuwa 82.5. Na metronomu zima, maana itagonga kila baada ya stepi nne, yani mara tatu kwenye raundi ambayo wewe unahesabu nne, utapotea.

mzee_wa_pedi: Swingi imewachanganya wengi tangu MPC60 ya Roger Linn na Akai, ile mashine ya biti yenye pedi za kugonga kwa vidole, ilipotoka 1988. Pale inaanzia asilimia 50 ambayo ni sawasawa inaishia 75, mtu akifika 66 anajua kashapata tatu tatu kumbe bado anagawa kwa mbili. Mi kwenye MPC naweka kwantaizi (kuvuta milio ikae kwenye gridi) ya triplet ya moja ya nane, yani milio mitatu kwa pigo, vumi naikwantaizi, chapuo naipiga kwa vidole naiacha kama ilivyotoka. Mjomba wako akipiga mlio wa kati hauwi na nguvu kama wa kwanza, sikiliza vizuri ile rekodi. Ukiweka velositi, yani nguvu ya kila mlio, zote sawa hata gridi ikiwa sahihi itasikika kama mashine ya kushona.

bitizapwani: Nashukuru sana jamani. Nimeanza na stepi 12 vumi ikakaa palepale. Chapuo nimeipiga kwa kibodi ya kompyuta sina pedi, na kibodi haijui kidole kizito na chepesi, kila mlio ulitoka sawa, ikabidi nikae nipange velositi mmoja mmoja, wa kwanza 110, wa kati 60, wa tatu 85, raundi nne zote. Nikamwekea shangazi spika jikoni. Kasikiliza, kasema rudia. Mara ya pili kasema vumi iongezwe sauti.