Nesi wa kwenye simu kagundua kosa la mama. Anatosha?

Binti_Rangi3
Habari za jioni wadau. Niko Mbagala Rangi Tatu na mama yangu, ana sukari, anachoma insulini ile nyeupe kama maziwa, asubuhi na jioni. Siku ya kuanzishiwa, nesi alimwelekeza amesimama mlangoni huku akiita namba ya mgonjwa mwingine. "Umeelewa mama?" "Nimeelewa." Tukapanda daladala.

Miezi minne sukari inapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Juzi mdogo wangu katuunganisha na nesi anayefundisha wagonjwa kwa simu ya video. Huyo hakuuliza kama mama kaelewa. "Mama, jichome kama siku zote, mimi natazama tu." Mama kachukua chupa, kavuta dawa bila kuizungusha, unga wote umetuama chini. Kajichoma palepale pembeni ya kitovu, kwenye kinundu kigumu ambacho mimi nilidhani ni mafuta tu ya tumbo! Nesi kasema hapo dawa hainyonywi vizuri, awe anabadilisha sehemu, ila kwanza tumwambie daktari, maana kwenye ngozi laini dozi ileile inaweza kumshusha sukari.

Sasa, kliniki tuache? Foleni inanimaliza.

Mzee_wa_Tabata
Usithubutu. Kidonda cha baba yangu kilikuwa katikati ya vidole vya mguu, kwenye video mguu unaonekana mzima. Tulikijua kwa harufu. Simu hainusi.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, na mimi nimeita sana namba huku naelekeza mtu, wodi ikijaa hakuna namna. Huyo wa simu mwachie kufundisha. Miguu, macho, figo, hayo ni ya kliniki. Muombe namba yake ya leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wa kweli hatanuna. Halafu muulize mama: sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo (mmol/L), jasho linamtoka, mikono inatetemeka, atafanya nini? Ajibu mwenyewe, usimdokezee.

Binti_Rangi3
Shikamoo mama. Nimemuuliza sasa hivi. Kajibu, "Nitajichoma, nilale." 🙆🏽‍♀️

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Haya, asichome! Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, apime tena baada ya dakika 15. Kesho muulize upya.