DStv na Azam nyumba moja: dishi moja linatosha?

mto_ngerengere:
Wakuu, nyumba ina DStv tayari kwa ajili ya Ligi Kuu ya England. Sasa inatakiwa na Azam, maana Ligi Kuu ya NBC iko huko. Eneo ni Morogoro mjini. LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya pili ikifungwa kwenye dishi hilohilo itakubali? Au waya ugawanywe kwa spilita?

fundi_masafa:
Spilita haitakusaidia, mkuu. Waya unaleta kile dishi linachokiona tu, na lako linatazama satelaiti ya Eutelsat ya nyuzi 36 Mashariki. Azam wanarusha kupitia ya nyuzi 7 Mashariki. Kwa Morogoro ile ya 36 iko karibu na utosi, mwinuko kama nyuzi 82. Ya 7 iko magharibi, kaskazini kidogo, mwinuko kama 53. LNB mbili kwenye dishi moja hukubali satelaiti zikiwa jirani. Hapa zimeachana nyuzi 29, hiyo haipo.

Funga dishi la pili. La sentimita 90 linakupa akiba ya mawimbi wakati wa mvua. Kabla ya kutoboa ukuta angalia magharibi: mti ulio mita 6 kutoka dishini usizidi mita 7 juu ya usawa wa dishi. Na mwembe unakua, usipime wa leo tu.

Bi_Rimoti:
Kabla ya dishi, ulizia kisimbuzi cha Azam cha antena. Mawimbi yakifika mtaani kwako umeokoa dishi na fundi. Ila vifurushi vyake si sawa na vya dishi, kwa hiyo hakikisha chaneli ya mpira unayoitaka imo kwenye kile utakacholipia. Na ukihamia kijijini huenda kisishike kitu.

mto_ngerengere:
Asante. Dishi likifungwa, nitajuaje fundi kalitega sawa?

fundi_masafa:
Kwenye menyu kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora sifuri, dishi limekosa satelaiti au limeshika nyingine. Zote sifuri, tafuta kosa kwenye waya, konekta au LNB yenyewe. Fundi anayekuonyesha nguvu tu usimlipe kwanza.

Waya uwe RG6 wa ohm 75. Acha kitanzi kinachoning'inia chini ya LNB ili maji yadondokee hapo yasifuate waya, na konekta ya nje uizungushie tepu ya mpira. Maji yakiingia shaba huota kutu ya kijani, na ubora unashuka polepole hadi unamlaumu mtoa huduma bure.

Bi_Rimoti:
Upande wa DStv, ujumbe wa kosa E48-32 kwenye skrini maana yake hakuna mawimbi: mvua kubwa, waya au dishi kusogea. E16 ni kifurushi kimefungwa, hapo fundi hahitajiki. Unapolipia, kisimbuzi kiwe kimewashwa na kinashika mawimbi, kwa sababu amri ya kufungua chaneli inapitia satelaiti. Kikiwa kimezimwa inakipita, itabidi uombe itumwe tena.

mto_ngerengere:
Nimeelewa. Naanza na antena.