Tupeane uzoefu: utepe wa mshazari wa kumalizia mfarishi bila kumaliza kitambaa

BintShela:
Assalaam aleikum jamaa. Nina mfarishi wa viraka, sentimita 150 kwa 200, umebaki kuzungushiwa utepe tu. Pembe nne nimezikata mviringo kwa kufuata sahani, kwa hivyo utepe sharti uwe wa mshazari, yaani uliokatwa kwa kukingama nyuzi za kitambaa. Ule ulionyooka ukifika penye mviringo unajikunyata. Nilikuwa na kipande cha mraba cha sentimita 70, rangi ya damu ya mzee. Nikafanya nilivyozoea: kulaza rula pembe hadi pembe, kuchonga vipande vya sentimita 6. Vile virefu nilivyoviona vya maana vikawa sita, havikufika mita tano, nami nahitaji mita saba na ziada. Kando zikabaki pembetatu mbili zinanitazama. Kipande kingine cha rangi hiyo ninacho kimoja tu, kipimo kile kile, na dukani kimekwisha hadi mzigo wa Mombasa ufike. Nyinyi mwakata vipi? Leteni visa, hata vya hasara.

FundiLangoni:
Waaleikum salaam mwanangu. Hicho kimoja kinatosha, usikiguse kwanza.

Kabla ya mkasi, tia alama kwa chaki: ukingo wa juu na wa chini andika A, wa kulia na wa kushoto andika B. Sasa kata pembe hadi pembe mara moja tu. Una pembetatu mbili. Shona A kwa A, uso kwa uso, ukiacha nusu sentimita. Ukifungua unapata umbo lililolala upande, kama mraba uliosukumwa na upepo. Upasue mshono kwa pasi. Geuza upande wa ndani, upige mistari kila sentimita 6, ukifuata zile kingo mbili ndefu ulizozipata kwa kukata mshazari, si hizo nyingine. Nafasi zitakuwa nane, na mwisho kubaki kijiukanda cha sentimita moja na nusu hivi. Hicho kitoe.

Halafu B kwa B, uso kwa uso, iwe bomba. Hapa ndipo watu hupotelea. Usikutanishe mwanzo na mwanzo. Sogeza upande mmoja kwa nafasi moja, ili mstari wa kwanza wa huku ukutane na ukingo wa kule. Ncha moja itachomoza kila upande, ni sawa. Shona, pasua mshono, anza kukata kwenye hiyo ncha ukifuata mstari, uzunguke na kuzunguka kama unayemenya chungwa bila kukata ganda.

Mimi mara ya kwanza sikusogeza. Nilishona ukingo kwa ukingo, barabara kabisa, hata nikajisifu. Kukata nikapata pete nane za kitambaa, kila moja karibu mita. Vijana ninaowafundisha wakashinda wamezivaa shingoni.

BintShela:
Hahaha, pete nane! Lakini fundi, nitajuaje kama urefu utafika kabla sijakata?

FundiLangoni:
Eneo gawa kwa upana wa utepe. 70 mara 70 ni 4900, gawa kwa 6, kama 816. Mishono miwili inakula chake, na mwanzo na mwisho pia, kwa hivyo hesabu mita saba na nusu. Kwako zinahitajika saba za mzunguko na sentimita 30 za kuungia. Utafika, ila usikosee.

MamaTandiko:
Mimi nitapinga kidogo, mnisamehe. Mifarishi mingi haina haja ya mshazari hata kidogo. Kingo zikiwa zimenyooka na pembe zina ncha, kata kufuata mtande (nyuzi za urefu) au mshindio (nyuzi za upana), unganisha vipande, basi. Hapo hakuna hesabu wala bomba. Miaka mingi nimewashonea wajukuu mifarishi hivyo na imefuliwa mpaka rangi ikaondoka.

Nakubali jambo moja tu: kwa utepe ulionyooka, pale unapokunjika uzi ni ule ule mmoja mstari mzima, ukilika unapasuka mkono kwa mkono. Wa mshazari nyuzi zinapishana, unachakaa polepole. Kwa mfarishi wa mtoto unaofuliwa kila siku, sawa, jisumbue.

Kisimani:
Leso yenye mistari ukiikata mshazari inatoka mistari ya kulala, tamu ajabu. Kingo zangu zote nafanya hivyo sasa, mviringo usiwe mviringo.

MjukuuWaNahodha:
Mimi si fundi wa nguo, ila nimelelewa na mjomba anayeshona matanga. Nilipoanza mifarishi aliniambia: upande wa tanga uliokatwa mshazari upepo ukijaa unavutika, ndiyo maana ukingoni hushonewa kamba. Utepe wako hauna kamba, una mkono wako tu. Sikumsikia. Utepe wangu wa kwanza niliupiga pasi kwa kuiburuta, ukarefuka na kusinyaa upana. Nikauzungusha hivyo hivyo nikiuvuta, ukapiga mawimbi kama bahari ya kusi. Ikabidi nifumue upande mzima.

Siku hizi pasi naiweka na kuinyanyua, siisukumi. Na kitambaa nakifua kwanza, rangi nyekundu isije ikamwagika juu ya viraka vyeupe, kisha nakitia wanga mwepesi, nakipiga pasi kingali na unyevu. Kinakuwa kigumu kama leso mpya na chaki inakaa. Wengine hukata leso mpya bila kufua kwa kuwa wanga wa kiwandani unaisaidia. Mimi yangu ilisinyaa baadaye na mfarishi ukakunja uso.

Kisimani:
Ongezeni na paka. Nililaza bomba langu kwenye baraza niende kuleta mkasi, kurudi nimemkuta mmoja amelala ndani yake.

BintShela:
Nimerudi. Nilisogeza mstari mara mbili maana mara ya kwanza niliupima penye ukingo wa kitambaa, si penye mshono utakapopita, na mistari ikawa haionani. Nikafumua, nikachoma pini kila mstari penye mshono wenyewe, ikakaa. Imetoka mita saba na sentimita 45. Zile pembetatu mbili za awali nimezichonga vipande vifupi na kuviunganisha, mishono yote ya kulala ili unene usirundikane mahali pamoja. Huo nimeuweka kwa mito.

Swali moja limebaki kwa fundi: mwisho na mwanzo vikikutana, waziunga vipi bila kinundu?

FundiLangoni:
Acha shibiri moja bila kushona kila upande. Pishanisha ncha mbili kwa sentimita 6, kiasi cha upana wa utepe wenyewe uliofunguka, ukate hapo. Zifungue, zilaze moja juu ya nyingine ziwe pembe mraba, uso kwa uso, shona pembe hadi pembe. Angalia kwanza kwa pini kwamba utepe haujajisokota. Mimi hujisokota kila mara ya tatu.