Somo la wanandoa kuhusu usawa: nianzie andiko gani?

Mzee wa Kanisa, Ilemela
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumamosi naongoza somo la dakika 90 kuhusu usawa wa mume na mke katika Maandiko. Wanakuja jozi 12 kutoka Kirumba na Pasiansi: wavuvi, wauza dagaa wa soko la Mwaloni, wakulima, waumini wa AICT (Africa Inland Church Tanzania), KKKT (Walutheri) na Wakatoliki pamoja. Masomo haya huishia kurushiana mistari, kina baba na Waefeso 5:22 (wake wawatii waume zao), kina mama na Wagalatia 3:28 (katika Kristo hakuna mume wala mke). Nipangeje? Na 1 Timotheo 2:12 (mwanamke asifundishe wala kumtawala mwanamume) niiguse au niiache?

Katekista Nyegezi
Shikamoo mzee. Wagalatia 3:28 usiianzie. Anayepinga atakujibu kwamba Paulo anazungumzia ubatizo (3:27), si mambo ya nyumbani, na nusu saa itakwisha hapo.

Anza na Hesabu 27:1-11. Mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wanadai ardhi ya marehemu baba yao. Musa hana jibu, anampelekea Mungu shauri, na Mungu anasema mabinti wana haki. Kisha soma Yoshua 17:3-4: nchi inagawanywa, na inawabidi waende tena kukumbusha. Hukumu ilikuwa imeshatoka zamani! Hapo uliza: baba akifa leo, shamba la Magu na mtumbwi vinakwenda kwa nani? Acha wabishane dakika 20, ndiyo kiini cha somo. Kuwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mkononi. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi.

Msomaji wa Ukerewe
Katekista, hapo atakwama. Hesabu 27:8 inasema binti anarithi kama hakuna mtoto wa kiume, na sura ya 36 inawataka waolewe ndani ya kabila la baba yao. Kuna mzee atasimama kuyasema hayo, na atakuwa sahihi.

Katekista Nyegezi
Ni kweli, kwa hiyo kiongozi ayaseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Kisha afungue Ayubu 42:13-15. Ayubu ana wana saba na binti watatu, na anawapa binti urithi kati ya ndugu zao. Wavulana wapo, na bado wasichana wamepata.

Mama Mchungaji, Igoma
Mzee wangu, 1 Timotheo 2:12 usiikwepe. Ukiikwepa, watu wataondoka wakidhani umeficha kitu. Timotheo yuko Efeso, ameachwa huko awazuie wanaofundisha elimu nyingine (1:3). Mstari wa 11 unaagiza mwanamke ajifunze. Na Efeso ndiko Priska na mumewe Akila walikomfundisha Apolo, mhubiri hodari, njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:24-26). Wapo watakaosema mstari wa 13 unarudi kwa Adamu na Hawa, kwa hiyo agizo ni la nyakati zote. Wasikilize, hoja yao ina uzito. Lakini swali la nani awekewe mikono kwa uchungaji au upadri lifunge mapema, madhehebu yenu hayakubaliani na halitatatuliwa Jumamosi.

Kwa 1 Wakorintho 14:34 soma kuanzia mstari wa 26. Wanaoambiwa wanyamaze ni watatu: anenaye kwa lugha asipokuwapo wa kufasiri, nabii anayesema mwingine anapofunuliwa neno, na wanawake. Na sura ya 11:5 wanawake walikuwa wakiomba na kutoa unabii kusanyikoni.

Waefeso 5 isomwe kuanzia 21, kunyenyekeana, hadi 33. Mke anaambiwa katika mistari mitatu, na kwa kifupi tena mwishoni mwa 33. Mume anaambiwa ajitoe kama Kristo alivyojitoa kwa Kanisa, na anaendelea kuambiwa hadi mwisho wa sura. Kina baba wasome sehemu yao kwa sauti, kina mama yao. Kila mtu huwa anakariri sehemu ya mwenzake. Tumieni Biblia za karatasi. Kwenye simu mtu hutafuta mstari mmoja na mistari ya kabla yake haioni.

Mzee wa Kanisa, Ilemela
Asanteni sana. Na mambo ya chumbani?

Mama Mchungaji, Igoma
1 Wakorintho 7:3-5. Mamlaka juu ya mwili yametajwa kwa mke na kwa mume, kwa maneno yaleyale, na kunyimana ni kwa makubaliano. Kina mama wakae peke yao dakika 15, na kina baba vilevile, kabla ya kurudi pamoja. Wanandoa wakileta ugomvi wao uamuliwe pale, usikubali. Wapangie siku yao.