Mrejesho: prednisolone ya mdogo wangu

Wakuu, asanteni kwa majibu. Niliuliza kama mdogo wangu, mwenye vidonda vya utumbo mpana (kolaitisi), aache prednisolone (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa utumbo), maana damu chooni imekata na mashavu yamemvimba.

Daktari kasema asithubutu kukata ghafla. Ukitumia dozi kubwa kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hulegea kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuikosa. Ukiacha mara moja, mwili unaishiwa: kizunguzungu, kutapika, presha kushuka, na mtu anaweza kufa. Alianza miligramu 40, sasa anashuka 5 kila wiki (dozi yake hiyo, msiinakili). Ratiba mama kaibandika kwenye friji. Kila asubuhi baada ya uji, tiki. Akimeza jioni hakuna kulala.

Kapewa pia kalsiamu na vitamini D, sukari inapimwa, na diklofenaki (ya maumivu) marufuku. Dawa ya kuutuliza utumbo muda mrefu ni mesalazini. Mashavu yatanywea dozi ikishuka.

Mkuu uliyeshauri ajiongezee vidonge tumbo likiuma, hapana kwa kweli. Akifika miligramu 20 tunarudi kliniki.